Kwa Nini Kwale wa Mbaranga Hashuki Majumbani

Ulikuwapo wakati mlima huu wetu wa Mbaranga haukuwa na kwale hata mmoja. Mbega walikuwapo, kanga walikuwapo vichakani huko chini, na ndege wengine wa kila namna. Lakini yule kwale mwekundu mnayemsikia asubuhi kule kwenye mianzi, mwenye koo kama kidonda na miguu kama ya mtu aliyekanyaga damu, hakuwapo. Kilichosikika kwenye mianzi siku zile kilikuwa kitu kingine, na wengi waliokisikia hawakurudi kusimulia. Haya ninayowaeleza niliyapokea kwa bibi mzaa mama, naye aliyapokea kwa ukoo wa Nakiete, ambao ndio waliopatwa nayo.

Watu waliishi katikati ya mlima, kama sisi tunavyoishi leo. Chini yao ilikuwa nyika yenye joto na mbu. Juu yao ulikuwa msitu, juu ya msitu mianzi, na juu ya mianzi mawe matupu. Walilima ndizi na magimbi, walichimba mifereji, walifua majembe, na wanaume waliyashusha majembe hayo nyikani kuyabadilisha kwa chumvi na nguo. Hayakuwa maisha mabaya. Ila ukungu uliposhuka, kila mtu alikaa kimya.

Uliposhuka, ulishuka na Kile. Watu hawakukipa jina, kwa kuwa walihofia kwamba chenye jina huweza kuitwa, na kinachoitwa huja. Hakuna aliyekiona akabaki. Walijua tu kwamba kiliita watu. Kiliita kwa sauti ya mtu wako, hasa mtu wako aliyekufa au aliye mbali, na kilikuita kwa upole, kama mtu anayekuomba umsaidie kutua mzigo. Ukiitika, basi kimeshakupata. Na walijua pia kwamba kilipenda rangi. Ukijipaka majivu ukalala kwenye majani makavu kingepita kando yako kisikuone, lakini chochote chekundu au cha kung'aa kilikivuta kama moto unavyovuta kumbikumbi.

Ukungu ulipopanda tena, watu walitoka kuwatafuta wenzao. Walichokuta njiani ni nguo. Nguo ya mtu imelala chini, fundo la begani limefungwa vilevile, mkanda umekazwa vilevile, imelowa umande, na ndani yake hamna kitu.

Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na chungu cha majivu karibu na mlango. Ukungu ukianza kuteremka msituni, watu walijipaka tangu utosini hadi miguuni, mbuzi walifungwa midomo kwa kamba za migomba, kina mama waliwaweka wachanga kifuani wasilie, na hapakuwa na neno lililosemwa mpaka jua lionekane.

Katika watu hao alikuwapo Mrindoko. Huyu alikuwa mtu wa kupenda kupendeza. Alijipaka mafuta na udongo mwekundu hata siku ya kwenda kusafisha mfereji, na shingoni alivaa mkufu mpana wa shaba alioufua mwenyewe. Tena alikuwa na sauti. Akiimba akiwa shambani kwake, watu wa ng'ambo ya bonde waliacha majembe wakamsikiliza. Mkewe, Nakiete, alikuwa mtu wa maneno machache, asiyejali mapambo, na watu walizoea kusema kwamba mmoja alipewa rangi za wote wawili. Walikuwa na binti, Nanzia, aliyekuwa anaanza kujua kubeba kibuyu cha maji, na mtoto mchanga wa kiume ambaye alikuwa hajakatiwa nywele za uzazi.

Mrindoko alikuwa pia na mdogo wake, Kiondo, na wawili hao hawakuachana. Siku moja walishuka nyikani na majembe, wakarudi na chumvi, na Mrindoko akarudi na shuka nyekundu ambayo mlimani haikuwahi kuonekana mfano wake. Aliikunja akaiweka ndani kabisa ya mfuko wake. Walikuwa wamezungukia msituni, Kiondo akitafuta matunda ya kumpelekea Nanzia, na sasa wanateremka, karibu kuziona nyumba, ukungu ulipowamwagikia.

Walifanya kama walivyofunzwa. Waliingia kwenye kichaka cha makangaga, wakajipaka majivu waliyobeba kibuyuni, wakalala kifudifudi bega kwa bega. Mrindoko alimshika mdogo wake kifundo cha mkono. Walikaa hivyo kwa muda mrefu wakisikiliza matone yakianguka. Kisha matone yakanyamaza, na juu yao kidogo, kwenye njia, sauti ya mama yao ikasema, "Kiondo, mwanangu, umekula?"

Mama yao alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Siku mama alipokata roho, Kiondo alikuwa nyikani, hakumzika.

Mrindoko alitikisa kichwa na kukaza mkono. Aliona machozi yakichora mistari kwenye majivu ya uso wa mdogo wake. Sauti ikauliza tena, taratibu vilevile, "Kiondo, umekula?"

"Naam, mama," Kiondo akasema.

Hakikusikika kishindo wala ukelele. Ulipita ubaridi kama wa mlango wa pango, na mkono wa Mrindoko ukawa umeshika hewa. Halafu, kutoka huko juu kwenye mteremko, akasikia, "Kaka. Kaka, nishike mkono." Ilikuwa sauti ya Kiondo hasa, na iliita mara nyingi. Mrindoko alijijaza nguo mdomoni akauma. Hakuitika. Hakujua anayeita ni mdogo wake ambaye bado angeweza kuokolewa, au ni Kile. Ukungu ulipopanda aliikuta nguo ya Kiondo palepale ubavuni pake, fundo limefungwa.

Alifika nyumbani akamwambia Nakiete, "Kiondo aliitika." Shuka nyekundu aliichomeka darini. Mkufu wa shaba aliuvua. Wiki zikapita, miezi ikapita, na watu wa ng'ambo ya bonde wakawa hawasikii tena mtu akiimba.

Sasa ukaja mwaka wa ukungu mkubwa. Ulishuka wakati wa vuli ukakaa. Ulipita msitu, ukapita ndiva ambamo watu hukusanya maji ya mifereji, ukaingia kwenye migomba, na mwisho ukaingia hata nyumbani, ukajilaza sakafuni kama mbwa. Haukuwahi kufika huko kabla. Watu walijifungia wakitafuna magimbi mabichi, maana hawakuthubutu kuwasha moto. Nje, baina ya nyumba na nyumba, sauti zilikuwa zinatembea. Mtu alimsikia babu yake akikohoa mlangoni. Mjane mmoja alimsikia mumewe akichanja kuni. Nyumba moja iliyokuwa ukingoni ilisikika ikiitika, mtu mmoja baada ya mwingine, mpaka yule mdogo kabisa, kisha ikawa kimya.

Nyumbani kwa Mrindoko, wote wanne walikuwa wamejibanza nyuma ya mtungi wa maji. Nanzia alikuwa amechoka. Mtoto hawezi kuogopa siku nyingi mfululizo. Hufika mahali akaanza kucheza na vidole vyake. Na wakati huo huo pakasikika nje sauti ya Kiondo ikicheka, na ikasema, "Nanzia, njoo uone nilichokuletea."

Kiondo alikuwa na desturi ya kumletea matunda ya msituni kila aliporudi safari. Kabla mama yake hajamfikia, mtoto alisema, "Nakuja, baba mdogo."

Nakiete alimziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nje pakawa kimya, kimya cha mtu aliyesimama na kugeuza kichwa. Kisha mlango ukaanza kulowa. Maji yalitoka kwenye mbao kama jasho.

Walitoka kwa nyuma, kupitia pale ambapo mbuzi huingilia, wakatambaa chini ya migomba hadi kwenye kichaka cha makangaga yaliyokauka. Nakiete aliwalaza watoto chini akawafunika kwa mwili wake, na Mrindoko akamrushia mgongoni majani na majivu mpaka hakujulikana ni mtu au ni ardhi. Kile kiliizunguka nyumba. Kikaita, "Nanzia." Kikaita tena, karibu zaidi. Na mtoto mchanga, chini ya kifua cha mama yake, akaanza kujinyoosha kama afanyavyo mtoto anayetaka kulia.

"Baba Nanzia," Nakiete alinong'ona. "Mtoto anaamka."

"Mlalie. Mpe ziwa."

"Halitamnyamazisha sasa hivi."

Mrindoko alisogeza uso wake karibu na wa mkewe. Nakiete alisema baadaye kwamba hakuwahi kumwona mtu akiogopa namna ile. "Sikiliza, mama Nanzia," akasema. "Usinyanyuke mpaka jua litoke. Ukisikia naitwa, usinyanyuke. Ukisikia mimi mwenyewe nakuita, usiitike. Hata mimi. Umenielewa?"

"Unakwenda wapi?"

"Kiondo aliniita, sikwenda," akasema, na akarudi akitambaa kuelekea nyumbani.

Aliingia kwa tundu la mbuzi. Alijimwagia maji ya mtungi majivu yakatoka, ila pale kifuani ambapo haraka haikumruhusu kufikisha mkono. Akajipaka mafuta na udongo mwekundu. Akavaa mkufu wa shaba. Akaitoa darini ile shuka ambayo hakuwahi kuivaa, akaifunga begani. Kisha akatoka kwa mlango wa mbele, akapanda juu ya jiwe la kunolea majembe, akaita kwa sauti yake ile iliyokuwa ikivuka bonde:

"Mrindoko. Mimi ni Mrindoko. Niko hapa."

Watu wote nyumbani mwao walimsikia, na kila mmoja alidhani ni Kile. Hakuna aliyeitika. Lakini Nakiete alijua. Alihisi ubaridi uliokuwa umesimama juu ya mgongo wake ukigeuka, ukaondoka.

Mrindoko alikimbia kuelekea juu. Hakukimbilia nyikani, ambako angeweza kuokoka, kwa kuwa njia ya nyikani ilipita katikati ya nyumba za watu. Alipita kando ya ndiva akiita jina lake, akaingia msituni akiita jina lake. Kila Kile kiliposimama kusikiliza nyumba za chini, naye alisimama kwenye jiwe au gogo, akafunua ile shuka, akaita tena. Msituni miiba ilimchana miguu. Kwenye mianzi, vigutu vya mianzi iliyokatwa vilimchoma nyayo, na damu ikamfunika mpaka magotini. Watu waliokuwa chini waliisikia sauti ikipanda na kupungua, "Mrindoko, Mrindoko," halafu "rindoko, ndoko, ndoko," maana pumzi zilikuwa zimemwishia na jina lilikuwa linavunjika mdomoni.

Kilichotokea huko juu hakuna aliyekiona. Wazee wanasema Kile kilimfikia kwenye mpaka wa mianzi na mawe, kikamkamata kooni wakati jina liko katikati ya kutamkwa. Jina likakatika. Nusu ilibaki na Kile, nusu ikabaki kooni mwake. Na Kile, ambacho hushika watu kwa majina yao, hakikuweza kumshika mtu kwa nusu ya jina. Aliponyoka. Lakini hakuponyoka akiwa mtu.

Ukungu ulipanda siku iliyofuata. Watu walipanda kufuata nyayo za damu, na mwisho wa nyayo walikuta shuka, fundo limefungwa. Haikuwa nyekundu tena. Ilikuwa imechujuka yote, nyeupe kama utando wa buibui. Waliirudisha wakamkabidhi Nakiete, wakaomboleza kama wanavyoomboleza mtu asiye na kaburi. Nakiete hakulia mbele yao. Alikuwa bado anaogopa kutoa sauti.

Haukupita muda ukungu ukarudi. Nakiete aliwapaka watoto majivu akawaweka nyuma ya mtungi. Akangoja. Na kitu kikaja, kikasimama mlangoni, na kwa sauti ya Mrindoko, ile nzuri, kikasema, "Nakiete, nimechoka. Nifungulie."

Alijua kwamba kitakuja. Alikuwa ameambiwa. Hata hivyo bibi yangu alisema kwamba Nakiete alinyanyuka, akatembea mpaka mlangoni, akauweka mkono wake kwenye komeo. Sauti ilikuwa inahema kama mtu aliyetoka mbali kwa miguu mibovu. Ikasema, "Miguu inaniuma. Kooni panawaka. Mbona hunifungulii, na mimi nilikwenda kwa ajili yenu?" Aliuma midomo mpaka ikatoka damu. Aliwaza kwamba Mrindoko alimlilia mdogo wake kwa kutomwitikia, na sasa yeye atamlilia Mrindoko vivyo hivyo mpaka kufa kwake. Aliwaza, huenda ni yeye. Komeo likaanza kusogea chini ya mkono wake.

Ndipo pakasikika kutoka mbali, kule kwenye mianzi, sauti ya kukwaruza, kubwa, isiyopendeza: "Ndoko-ndoko-ndoko-ko-ko-ko."

Iliyokuwa mlangoni ikanyamaza. Ile ya mianzini ikalia tena, kwa ukali zaidi, kama mtu anayetaka kugombana. Na Nakiete, mkono ukiwa bado kwenye komeo, akahisi ubaridi ukitoka chini ya mlango, ukirudi nyuma, ukigeukia mlimani. Sauti ya mianzini ilizidi kupanda, na kilichokuwa mlangoni kiliifuata.

Alirudisha komeo mahali pake. Akaketi chini, akawashika watoto. Hapo ndipo alipolia, kwa kuwa sasa alijua mumewe ni yupi.

Asubuhi ya jua alipanda peke yake mpaka mwisho wa msitu. Juu ya jiwe alisimama ndege ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mgongo wake ulikuwa wa rangi ya ile shuka. Shingoni alikuwa na duara linalong'aa kama shaba. Kifuani alikuwa na madoa ya majivu, miguu ilikuwa myekundu mpaka magotini, na kooni, pale aliposhikwa, hapakuwa na manyoya, ni ngozi tupu inayowaka. Nakiete alipiga hatua moja. Ndege akarudi nyuma hatua moja. Akapiga nyingine, naye akarudi nyuma tena, akitazama chini kuelekea nyumbani, kisha juu kuelekea kwenye mawe, kama mlinzi anayekataza watu wasipite. Nakiete akaelewa, akashuka.

Aliwalea watoto. Kila ukungu uliposhuka alikaa mlangoni akisikiliza, na mradi ndege yule alikuwa analia juu, aliendelea na kazi zake. Nanzia aliolewa, akazaa. Yule mchanga akawa mfua majembe. Siku moja, Nakiete akiwa mzee, ukungu ulishuka wakati wa mchana, naye akachukua majivu akajipaka kwa utulivu kama mtu anayejiandaa kwenda kwenye arusi. Nanzia akamwuliza, "Mama, unakwenda wapi?" Akasema, "Baba yenu amekimbia peke yake muda mrefu." Akapanda, ukungu ukamfunika.

Walimtafuta. Nguo yake waliikuta kwenye makangaga, na karibu na nguo, mfua majembe alikaribia kumkanyaga ndege wa kike mwenye rangi ya majivu na majani makavu. Hakuruka, hakulia, wala hakufumba jicho. Alikuwa amelalia mayai.

Na tangu siku hiyo kwale wako Mbaranga, nao hukaa pale pale, baina ya msitu na mawe. Hata kiangazi kikiwakausha hawashuki majumbani, kwa kuwa anayefukuzwa hamwelekezi adui nyumbani kwa watoto wake. Jike ni wa rangi ya ardhi na hana sauti. Utamkanyaga kabla hajaondoka. Dume ndiye mwenye rangi zote, na akisikia hatari hajifichi, hujitokeza juu ya jiwe akalia, kisha hukimbia kupanda mlima. Mabawa anayo, ila hayatumii mpaka amefikiwa, na hata hapo huruka kidogo tu akatua, akaita tena, ili kinachomfuata kisichoke kumfuata. Sisi wa mlima huu hatumwindi. Na tukipishana kwenye ukungu hatuitani majina. Husema mmoja, "ndoko-ndoko," na mwenzake hujibu vivyo hivyo, basi, tunajua ni watu.

Ninyi wageni mtakaopanda kesho, ukungu ukiwakuta njiani na kwale akawa analia huko juu, endeleeni na safari yenu wala msiwe na wasiwasi. Akinyamaza, simameni mlipo. Na mkisikia mtu wenu anawaita, hata akiwa mama, hata akiwauliza kama mmekula, msiitike.